Video ya 3D kwa kamera moja: tusisubiri mashine za bei kali

Kila mara kampuni kubwa zinatoa chombo kipya cha kurekodi au kutazamia video za 3D, na kila mara bei yake inawaacha nje wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia. Apple Vision Pro ilipoanza kuuzwa Marekani mwezi wa Februari 2024, bei yake ilianzia dola 3 499. Kwa pesa hiyo, hapa kwetu mtu ananunua pikipiki na kubaki na akiba ya kulipia watoto masomo. Ndiyo maana vijana wengi wanaorekodi video katika miji yetu wamezoea kusema kwamba 3D ni mambo ya Wazungu na ya sinema kubwa, na kwamba sisi tungoje zamu yetu.

Wazo hilo si la kweli, na linatugharimu. Kamera moja, hata ile ya simu ya kawaida, inaweza kurekodi video yenye kina cha kweli, ile ambayo ukiitazama nyumba ya mbele inajitenga na mlima wa nyuma kama vile umesimama pale mwenyewe. Sharti kubwa ni moja: kamera iwe inatembea. Na sisi tunaoishi kando ya ziwa Kivu tunacho chombo kizuri sana cha kuitembeza, nacho ni bwato.

Tuanze na macho. Macho ya mtu mzima yameachana karibu sentimita 6 na nusu. Simamisha kidole mbele ya uso, funga jicho la kushoto, kisha la kuume: kidole kinaruka, lakini ukuta wa nyuma unabaki karibu palepale. Ubongo unapima mruko huo, na kutoka hapo unajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza jambo hili mwaka wa 1838, akatengeneza chombo cha vioo cha kulionyesha. Alitumia michoro ya mkono, maana picha za kamera zilikuwa bado hazijatangazwa duniani. Tangu siku hizo kanuni haijabadilika: lipe kila jicho picha yake, iliyopigwa kutoka mahali pake, nao ubongo utafanya kazi iliyobaki.

Hakuna mahali kanuni hiyo inaposema kwamba picha zote mbili lazima zipigwe na kamera mbili. Wanaanga wa Apollo waliotembea mwezini walikuwa na njia rahisi mno: walipiga picha ya kwanza uzito wa mwili ukiwa kwenye mguu mmoja, kisha wakahamia mguu mwingine na kupiga ya pili. Kwa mzaha njia hiyo iliitwa cha-cha, kwa sababu ilifanana na kucheza dansi. Kamera moja, hatua moja, kina kimepatikana. Marubani wa ndege za kuchora ramani wamefanya vilevile kwa zaidi ya miaka mia moja: kamera moja chini ya ndege, picha moja baada ya nyingine, kila picha ikilalia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia.

Video inafanya hivyo yenyewe bila mtu kuhangaika. Video ni picha nyingi zinazofuatana, 25 au 30 kwa sekunde moja. Kamera ikiwa ndani ya bwato na imegeuzwa kutazama ufuko, kila picha inapigwa kutoka mahali palipo mbele kidogo kuliko picha iliyotangulia. Tupige hesabu. Bwato lenye motari linalokwenda kilomita 10 kwa saa linasonga karibu mita 2 na sentimita 80 kwa sekunde. Kwa picha 25 kwa sekunde, ni sentimita 11 kati ya picha na picha. Wapiga picha za 3D wana kipimo cha zamani: umbali kati ya jicho la kushoto na la kuume la kamera uwe sehemu moja ya 30 ya umbali hadi kitu kilicho karibu zaidi. Kama nyumba ya kwanza ya ufukoni iko mita 30 kutoka kwenye bwato, unahitaji mita moja. Mita moja ni picha tisa. Basi jicho moja litazame picha ya kwanza, jicho lingine picha ya kumi, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa video. Kwa simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde, chukua 11 badala ya tisa.

Kazi ya kompyuta ni ndogo. Unaweka video ileile mara mbili, moja juu ya nyingine, unachelewesha moja kwa picha hizo tisa, unatoa nakala ya rangi nyekundu na buluu kwa ajili ya miwani ya karatasi, au unaziweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya kile kisanduku cha katoni chenye lenzi mbili ambamo mtu anaingiza simu. Programu za kufanya hivyo, kama FFmpeg na Blender, ni za bure. Hazidai intaneti ukishazipakua, jambo ambalo kwetu si dogo. Jicho lipi licheleweshwe? Ukisafiri kutoka Bukavu kwenda Goma huku kamera ikitazama ufuko wa Kalehe, unasogea upande wa kuume wako. Picha za baadaye zimetoka kuume zaidi, kwa hiyo ni za jicho la kuume, na jicho la kushoto ndilo linalocheleweshwa. Ukirudi kutoka Goma, ni kinyume. Ukikosea, milima itaonekana iko mbele ya nyumba na kichwa kitauma.

Kuna mtu atasema hata kompyuta hana. Basi achukue miwani ya jua iliyovunjika kioo kimoja, avae kioo cheusi kwenye jicho la kushoto na kuacha la kuume wazi, kisha aitazame kwenye televisheni video ileile ya safari ya kwenda Goma. Kina kitatokea. Mjerumani Carl Pulfrich, aliyefanya kazi katika kampuni ya Zeiss mjini Jena, aliandika juu ya jambo hili mwaka wa 1922: jicho lililowekwa gizani linapeleka habari kwenye ubongo kwa kuchelewa kidogo sana, na kuchelewa huko kunafanya kazi ileile ya picha zetu tisa. Pulfrich mwenyewe alikuwa kipofu wa jicho moja, hivyo hakuweza kukiona kitu alichokieleza. Mwaka wa 1993 televisheni ya BBC iliitumia njia hiyo katika kipindi maalumu cha Doctor Who, na watazamaji walivaa miwani yenye upande mmoja mweusi. Televisheni zao zilikuwa zilezile za nyumbani.

Si kila kitu kinachotembea kinafaa. Pikipiki katika barabara zetu inaruka juu na chini, na picha mbili zisipokuwa katika usawa mmoja macho yanachoka haraka. Chukudu, pamoja na heshima yote tunayoipa Goma, inatikisa mno juu ya mawe ya volkano. Bwato asubuhi mapema, ziwa likiwa limetulia, ni bora kuliko vyote viwili. Na drone? Huko kwingine watu wangeanza na drone. Mashariki mwa Kongo kwa sasa, mtu akisikia mlio wa drone juu ya paa hafikirii sinema. Tuiache.

Mambo machache ya fundi nayo yasipuuzwe. Simu izimwe ule msaada wa kutuliza picha, kwa sababu unakata na kupinda kingo za picha bila kukuuliza. Mwanga na ukali wa picha vifungwe visibadilike njiani. Kamera itazame ufuko moja kwa moja, si kwa mshazari. Na kama unachorekodi kiko mbali, ongeza picha za kuchelewesha: kwa mlima ulio mita 300 unahitaji mita 10, yaani picha 90, zaidi ya sekunde tatu na nusu. Mlima huo utaonekana kama kitu kidogo kilichochongwa kwa mkono, maana ni kana kwamba umetazamwa na jitu lenye macho yaliyoachana mita 10. Ni pazuri kutazama, na pia unaona mabonde na makovu ya udongo ambayo jicho la kawaida haliyaoni.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wa habari kuliko wengine wote: njia hii ina uongo wake. Picha ya kushoto na ya kuume hazikupigwa kwa wakati mmoja. Kati yao, katika mfano wetu, imepita karibu theluthi moja ya sekunde. Nyumba haikusogea, lakini mama anayepita ufukoni na beseni kichwani amesonga nusu mita. Akitembea upande uleule wa bwato, video itamwonyesha yuko mita 60 badala ya 30, kana kwamba anapita nyuma ya nyumba zilizo mbele yake. Akitembea kinyume, ataonekana yuko mita 20, anaelea juu ya maji. Wala hakuna aliyedanganya: ndivyo hesabu ilivyo. Mawimbi nayo yanacheza vibaya, na majani ya migomba pia kukiwa na upepo.

Kwa sinema ya kujifurahisha, hayo si kitu. Kwa habari ni jambo kubwa. Mtu akirekodi hivyo watu wanaokimbia, au umati mbele ya ofisi, kisha akasema video hiyo inaonyesha nani alikuwa karibu na nani, anawapotosha watu. Msimamo wetu ni huu: kamera moja inayotembea ni ya mahali, siyo ya watu. Barabara, daraja, mto, nyumba, mlima, ukingo wa ziwa, ndiyo. Maandamano, mazishi, ajali, hapana. Kwa hayo tutumie video ya kawaida, au watu wawili wenye simu mbili waliosimama bega kwa bega na kuanza kurekodi pamoja.

Ukali huohuo utumike kwa programu za akili bandia ambazo siku hizi zinachukua video yoyote ya kawaida na kuigeuza 3D. Programu hizo hazipimi kina, zinakikisia. Zimetazama mamilioni ya picha, zinajua kwamba kwa kawaida mtu yuko mbele na ukuta uko nyuma, basi zinapanga hivyo. Mara nyingi zinapatia. Lakini mkoa wetu umejaa picha za uongo, picha za vita vya nchi nyingine zinazopewa majina ya vijiji vyetu na kusambazwa katika WhatsApp kabla hata jua halijachwa. Kuongeza juu yake kina cha kubuni, bila kumwambia mtazamaji, ni kuchafua maji tunayokunywa wote. Chombo cha habari kinachotumia video ya namna hiyo kiandike waziwazi kwamba kina kimekisiwa na kompyuta. Kile kinachotumia kamera inayotembea kiandike hivyo pia.

Lakini kwa nini tuhangaike na haya yote, na watu wana njaa, wengine hawana pa kulala? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba mahali petu panatoweka, na hatuna ushahidi wa jinsi palivyokuwa.

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma hadi ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na mitaa ya biashara. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudi, ukafika Buhene. Mwanzoni mwa Mei 2023 mvua kubwa iliangusha mito juu ya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, watu zaidi ya 400 wakafa na wengine hawakuonekana tena. Bukavu inateremka polepole: mtaa wa Funu uko juu ya ardhi inayohama, jambo ambalo watafiti wamelipima na ambalo wenye nyumba huko wanaliona kwenye kuta zao. Sasa jiulizeni: ni nani kati yetu ana video ya soko la Nyamukubi ya kabla ya ile wiki? Siyo picha ya harusi ambamo soko linaonekana nyuma kwa bahati. Video ya soko lenyewe, na mto, na nyumba zilizokuwa zimebanana kando yake.

Video ya kamera inayotembea ina faida mbili. Inaonyesha kina kwa macho, na inaweza pia kupimwa. Ukitoa kutoka ndani yake picha mia moja au mia mbili, programu za bure kama COLMAP na Meshroom zinatafuta alama zilezile katika picha mbalimbali na kukokotoa mahali pa kila alama, hadi unapata umbo la mtaa mzima. Weka kipimo kimoja cha kweli, kwa mfano upana wa mlango uliopima kwa mita, na umbo hilo linapata vipimo halisi: urefu wa ukuta, upana wa mto, kina cha bonde la mmomonyoko. Rudi baada ya mwaka, rekodi tena kutoka njia ileile, linganisha. Watafiti wa volkano tayari wameziweka kamera za namna hii, mbilimbili, juu ya ukingo wa Nyiragongo ili kupima kupanda na kushuka kwa ziwa la moto. Kile walichofanya kule juu, wanafunzi wanaweza kukifanya huku chini kwa simu.

Na hapa kuna jambo linalouma. Nchi hii ilirekodiwa kwa kamera moja zamani sana, tena kwa bidii. Wakati wa ukoloni ndege zilipita juu ya Kivu zikipiga picha zinazolaliana, zile zinazotazamwa mbilimbili ili milima isimame, kwa ajili ya kuchora ramani. Sehemu kubwa ya picha hizo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Afrika ya Kati kule Tervuren, karibu na Bruxelles. Watafiti wa leo wanaotaka kujua msitu na mteremko wa Kivu vilikuwaje katika miaka ya 1950 wanaanzia huko. Tunawashukuru wanaozitunza. Lakini si heshima kwa nchi kwamba mtu wa Bukavu anayetaka kuona mlima wa nyuma ya nyumba yao ulivyokuwa babu yake akiwa kijana, lazima aombe Ulaya. Kumbukumbu ya miaka hii yetu nayo itakaa wapi?

Tunaviambia vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha uandishi wa habari: somo la video bado linafundishwa kwa maneno ubaoni, na mwanafunzi anamaliza miaka yake akiwa ameshika kamera mara chache. Zoezi tulilolieleza hapa linadai simu moja kwa wanafunzi watano, nauli ya bwato na siku mbili za kompyuta. Hakuna kisingizio cha vifaa. Tena linamfundisha kijana hesabu, macho na ukweli kwa pamoja, maana lazima aeleze video yake inasema nini na haisemi nini. Vituo vya vijana vina sehemu yao pia. Yole!Africa ya Goma imefundisha sinema kwa miaka mingi kwa vifaa vya kawaida, na Dieudo Hamadi wa Kisangani alipanda bwato pamoja na walemavu wa vita vya siku sita hadi Kinshasa na kutoka na filamu iliyochaguliwa Cannes mwaka wa 2020. Ujuzi upo. Bwato pia tunalijua.

Kwa mashirika yanayolipia warsha baada ya warsha: pungueni chai na mabango, mnunue diski za kuhifadhia. Video bila mahali pa kukaa inafutika siku simu inapoibiwa.

Na kwa wenye mamlaka, wote, popote walipo na vyovyote walivyofika: kijana anayerekodi ufuko kutoka ndani ya bwato si mpelelezi. Tunajua hofu yenu ina sababu. Umbo la mahali lenye vipimo linaweza kumfaa mwenye bunduki. Ndiyo maana tunawaambia vijana bila kuzunguka: msirekodi kambi za askari, vizuizi vya barabarani, wala kambi za waliokimbia vita, msionyeshe ndani ya nyumba ya mtu bila ruhusa yake, mwambieni chifu wa mtaa kabla ya kuanza, si baada ya kukamatwa. Hayo yakiheshimiwa, aachwe afanye kazi. Simu yake isichukuliwe, na video yake isifutwe mbele ya macho yake na mtu ambaye hata hajaitazama.

Kwa atakayeanza wiki hii, tunaomba jambo moja dogo ambalo wengi wanalisahau. Pamoja na kila video, andika katika karatasi au ujumbe tarehe, saa, mahali ulipoanza na ulipoishia, bwato lilikuwa linaelekea wapi, mwendo wake kwa kukadiria, na umbali hadi ufuko. Andika pia jina la kila mtaa uliopita mbele ya kamera, kama wakaaji wake wanavyouita. Uvike jina hilohilo faili lenyewe, kisha umpe nakala mtu mwingine anayekaa mji mwingine.